Somo: Siku ya kupita kwenye barafu ya Antaktika, kwa vijana wetu wa melini

Assalamu alaykum. Vijana wa Unguja na Pemba mliopata kazi kwenye meli za watalii, msimu wa kusini ni Novemba hadi Machi. Somo hili ni la mpishi, mhudumu wa vyumba na mtu wa dobi, mwenye mapumziko mafupi mchana na hataki yaishie kitandani.

Jueni kwanza kwa nini hamshuki. Meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha watu Antaktika, na hata hizo ndogo haziweki zaidi ya watu 100 nchi kavu kwa pamoja. Basi meli kubwa hupita tu, taratibu, kutwa nzima.

Hatua ya 1: Usiku wa kuamkia
Mkitokea Ushuaia, Argentina, mtakuwa mmeshakata Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika, kiasi cha kilomita 800 za mawimbi. Chaji simu, ulale. Kubadilishana zamu kuombwe mapema, maana asubuhi kila mtu atataka.

Hatua ya 2: Nguo
Hapa msifanye mchezo. Baridi ya Januari huko huchezea nyuzi 0. Chumba cha kugandishia samaki kinaipita. Kinachotesa ni upepo. Ndani vaa fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, kwani pamba ikishika jasho haikauki, nawe unazidi kupoa. Juu yake sweta la sufi, kisha koti lisilopitisha upepo. Soksi zikijazana kiatuni damu haipiti na vidole hufa ganzi, kwa hiyo jozi moja nene inatosha. Glovu ziwe mbili, nyembamba ya kubonyezea simu na nene juu yake. Simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi humaliza betri upesi. Miwani ya jua usiiache, hata kukiwa na mawingu.

Hatua ya 3: Pa kusimama
Kama wafanyakazi wameachiwa sitaha ya omo, yaani ya mbele ya meli, nendeni huko. Msikimbizane upande huu na huu, nahodha huigeuza meli polepole.

Hatua ya 4: Kutazama
Jabali la barafu unaloliona ni kama sehemu moja ya kumi, nyingine zi chini ya maji. La buluu ni barafu kongwe iliyoshindiliwa hadi mapovu ya hewa yakatoka, ikawa inameza mwanga mwekundu. Lakini maofisa huogopa zaidi vile vipande vidogo vinavyochungulia tu juu ya maji, kwa sababu rada huvikosa. Mkifika Lemaire, mfereji wa bahari wa kilomita 11 hivi kati ya majabali ya mawe, huenda barafu ikaziba na meli ikarudi. Msinung'unike. Penguini, kwa taarifa yenu, mtawanusa kabla hamjawaona.

MASWALI

Wa Kizimkazi: Maalim, nyangumi wa huko ndio hawa wanaopita kwetu Julai hadi Septemba?
Jibu: Aina ni moja, wenye nundu, ila njia ni mbali. Wanaokula krili, vijidudu vya baharini mithili ya kamba wadogo, kwenye Rasi ya Antaktika hupanda pwani ya magharibi ya Amerika Kusini kuzaa. Wetu hutoka kusini ya Bahari ya Hindi.

Wa Wete: Na sala? Si jua halitui?
Jibu: Lemaire iko nyuzi 65 kusini, haijafika Duara la Antaktika, mstari ambao kusini yake ndiko jua huacha kutua, kwa hiyo jua huzama kidogo hata Disemba. Giza ndilo haliingii, na mushkeli uko kwenye Isha na Alfajiri. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kukadiria kwa mji wa karibu wenye nyakati bayana. Muulize shekhe wako kabla hujaondoka, si ukiwa Drake na intaneti inakatika.

Mama wa Mkoani: Mwanangu anakwenda huko. Meli haitavunjika?
Jibu: Bi mkubwa, tangu Januari 2017 meli za maji ya ncha za dunia zina kanuni zake za kimataifa. Lazima iwe na cheti maalumu, na boti za kuokolea zihimili baridi hiyo. Mwambie akague boti yake ni namba ngapi siku ya kwanza tu anapopanda.