Chujio litakuonyesha mpunga wenye mizizi ya kina

Ukitaka kujua mpunga upi utavumilia kiangazi, usikimbilie majani. Anza na mizizi. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walieleza jeni iitwayo DRO1, inayochangia kuamua mizizi ishuke kwa pembe gani. Waliitoa kwa Kinandang Patong, mpunga wa nchi kavu kutoka Ufilipino, wakaiingiza katika IR64, aina ya mpunga yenye mizizi ya juujuu, kwa kuzalisha chotara. Mizizi ikashuka zaidi, na wakati wa ukame mavuno yakawa bora.

Mimi hupima tofauti hiyo kwenye roshani yangu, Kahawa West, Nairobi. Nenda soko la Gikomba ununue machujio ya plastiki ya duara, yanayofanana, yenye matundu mapana. Yajaze udongo, uyazike ndani ya ndoo zilizotobolewa chini. Panda NERICA 4, mpunga wa nchi kavu, katika moja, na Basmati 370, ule wa kumwagiliwa wa Mwea, katika jingine. Mbegu ikae katikati kabisa, tafadhali. Ikienda pembeni hesabu yote inaharibika.

Wiki kadhaa baadaye chimbua polepole, osha, uhesabu mizizi iliyotokeza. Iliyopitia kitakoni ni ya kina, ya ubavuni ni ya juujuu. Gawanya ya kina kwa jumla. Pima mimea kadhaa ya kila aina, maana mmoja hautoshi.

Majani? Katiza maji kwa mimea mingine. Kujikunja adhuhuri si kushindwa: mmea unapunguza upotevu wa maji, na homoni ya asidi absisiki inafunga stomata, yaani vitundu vidogo vya jani. Lililojikunja hadi alfajiri ndilo lililozidiwa.