Jinsi ya kuajiri kocha mkuu au meneja bila rangi kuamua

Nimeketi kwenye kamati za kuajiri za klabu kadhaa hapa Mombasa, za mpira na za kriketi. Mara nyingi kazi huwa imeshatolewa kwa simu kabla tangazo halijabandikwa. Mwenyekiti humpigia aliyesoma naye, naye humtaja shemeji yake, na mambo yameisha. Uwanjani utamwona Mgiriama, Mwarabu, Mhindi na mtu wa bara wakicheza pamoja. Panda ofisini, utakuta jamii moja imekalia viti vyote. Wakati wa ukoloni kila rangi ilikuwa na klabu yake, na kujuana kule kungali kunagawa kazi mpaka leo. Hivi ndivyo ninavyozisaidia klabu kuondokana nako.

Hatua ya 1: Andikeni sifa kabla jina la mtu halijatajwa

Kazi inataka nini hasa? Leseni ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika, ya daraja lipi? Kusimamia bajeti? Kulea vijana? Futeni "uzoefu wa Ulaya" kama hamwezi kueleza unasaidia nini Mbaraki au Tononoka. "Mtu anayetufahamu" nalo lifutwe, maana kila anayelisoma huona sura ya mtu wake. Miaka ya uzoefu msiipandishe mno. Pittsburgh Steelers, klabu ya mpira wa Kimarekani, walipomchukua Mike Tomlin kuwa kocha mkuu 2007 alikuwa na umri wa miaka 34, na alikuwa amefundisha safu ya ulinzi ya klabu ya Minnesota Vikings kwa msimu mmoja tu. Msimu wa 2008 akawapa Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi yao.

Hatua ya 2: Tangazeni wiki tatu

Bandikeni viwanjani, pelekeni kwenye makundi ya WhatsApp ya makocha kuanzia Likoni hadi Kisauni, na mwandike mshahara. Asiyejua mtu ofisini hana pengine pa kuuliza.

Hatua ya 3: Orodha fupi iwe na wawili, asiwe mmoja

Hapa ndipo nawaomba mtulie. NFL, ligi hiyo ya mpira wa Kimarekani, ilianza 2003 kutumia kanuni iliyopewa jina la Dan Rooney, aliyekuwa mwenye klabu ya Steelers: kila timu inayotafuta kocha mkuu imhoji angalau mtu mmoja asiye Mzungu. Ilitokana na shinikizo la mawakili Johnnie Cochran na Cyrus Mehri, walioonyesha mwaka uliotangulia kwamba makocha weusi walichelewa kuajiriwa na kuwahi kufukuzwa. Mwanzoni kanuni ilisaidia, kisha ikalegea, na 2020 ligi ikaongeza idadi: wawili wasio Wazungu, kutoka nje ya klabu.

Sababu naijua kwa macho yangu. Mtu wa jamii nyingine akiwa peke yake kwenye orodha, kamati humwona kama mgeni aliyealikwa kwa adabu. Wakiwa wawili, wajumbe huacha kuzungumza juu ya rangi na kuanza kulinganisha kazi ambazo wawili hao wamefanya.

Mtaulizwa kama huu si upendeleo. Jibuni kwamba kanuni inagusa nani ahojiwe, wala haimpi mtu kazi. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi wa rangi na kabila, na Sheria ya Ajira ya 2007 inaukataza kazini.

Hatua ya 4: Kama mmeshaamua, msimwite mtu

Detroit Lions, klabu nyingine ya NFL, walipomchukua Steve Mariucci, Mzungu, kuwa kocha mkuu 2003, makocha weusi walioalikwa walikataa kwenda, kwa sababu kila mtu alijua kazi ina mwenyewe. Ligi ikamtoza rais wa klabu faini ya dola 200,000. Mnamo Februari 2022 kocha mweusi Brian Flores alifungua kesi akidai kwamba New York Giants walimhoji ilhali mtu mwingine alikuwa ameshachaguliwa, klabu ilikanusha.

Nami niliwahi kukaa kwenye mahojiano ya namna hiyo. Kocha alitoka Mtwapa kwa matatu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na faili la mazoezi mkononi. Akaulizwa maswali manne, akashukuriwa. Aliyepewa kazi alikuwa ameshapimwa jezi. Nilinyamaza siku ile, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tangu hapo siketi kwenye kamati mpaka kila mjumbe atie sahihi kwamba hajamwahidi mtu.

Hatua ya 5: Kila mtu atoe alama peke yake

Maswali yawe yale yale kwa wote, kwa mpangilio ule ule. Mjumbe aandike alama papo hapo, amkabidhi katibu, ndipo mjadala uanze. Mwenyekiti aongee mwisho. Akitangulia, wengine watamfuata, hasa akiwa mzee wao. Anayetaka kubadili alama aandike sababu chini yake.

Hatua ya 6: Tazameni walio chini

NFL makocha wakuu wengi hutoka upande wa ushambuliaji, na makocha weusi wengi wamekuwa wakiwekwa kwingine. Kwetu, mkufunzi wa makipa na mbeba mipira ni wa jamii fulani, mweka hazina ni wa nyingine. Kwa hiyo msimu huu mpeni kocha msaidizi timu ya vijana aiongoze mwenyewe, na aketi kwenye kikao cha bajeti. Waliokosa kazi waandikieni barua yenye alama zao, na mtunze majina yao. Nafasi ikitokea tena, katibu aanze kupiga simu kutoka kwenye orodha hiyo.