Unanoa kisu na bado hakikati? Angalia pembe

Somo hili ni la mwenye jiwe na nia, anayesugua hadi mkono unachoka, na kisu bado kinaponda nyanya. Usikimbilie kununua jiwe jingine. Karibu kila kisu kinachogoma kina shida moja kati ya mbili: pembe (jinsi unavyoinamisha kisu juu ya jiwe) haifiki kwenye makali yenyewe, au makali yamefika lakini mkunjo wa chuma (utepe mwembamba unaojikunja ukingoni unaponoa) umeachwa pale pale.

Andaa kinoo chenye upande wa kukwaruza (namba 400 hivi) na upande laini (1000), maji, maka peni na kipande cha gazeti. Weka kitambaa kibichi chini ya jiwe lisiteleze.

1. Kagua. Elekeza makali juu chini ya taa. Makali yaliyo sawa hayaonekani. Panapomeremeta ndipo palipo butu.

2. Chagua pembe. Kisu cha kawaida cha jikoni kinataka nyuzi 20 hivi kila upande. Visu vya Kijapani vya chuma kigumu huvumilia 15. Panga la kuni lipe 25 hadi 30, maana makali membamba yatameguka kwenye mti. Huna kipimo? Kunja kona ya karatasi katikati upate nyuzi 45, kunja tena upate 22 na nusu. Isimamishe kando ya jiwe uone kisu kinalalaje. Au pima mgongo: kisu chenye upana wa sentimita 4, mgongo wake ukiwa milimita 14 juu ya jiwe, uko kwenye nyuzi 20.

3. Paka maka. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayokupa jibu. Paka wino ukingoni pande zote mbili, pitisha kisu kwenye jiwe mara mbili tatu, kisha tazama kwa makini. Wino umefutika juu, karibu na bapa, lakini umebaki kwenye makali? Umelaza kisu mno, na hata ukisugua mpaka jioni jiwe haligusi panapokata. Inua mgongo kidogo. Umefutika kwenye mstari mwembamba wa makali tu? Umeinua mno: kisu kitakata, lakini makali yatakuwa manene na yatakwama kwenye karoti. Ukifutika wote kwa usawa, shikilia hapo hapo.

Kagua sehemu tatu: karibu na mpini, katikati na kwenye ncha. Ncha ndiyo inayosumbua wengi, kwa sababu kisu kinapopinda, jiwe hukosa kuifikia. Ukikaribia ncha, nyanyua mpini taratibu.

4. Tafuta mkunjo. Noa upande mmoja tu mpaka chuma chembamba kijikunje kuelekea upande wa pili. Utakihisi ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kinakwaruza. Usitembeze kidole kufuata urefu wa makali, utajikata. Mkunjo usipokuwepo kuanzia mpini hadi ncha, usigeuze kisu. Ukishaupata wote, geuza ufanye vivyo hivyo.

5. Uondoe. Hamia upande laini. Pitisha mara moja huku, mara moja kule, ukipunguza nguvu mpaka ubaki uzito wa kisu peke yake. Malizia kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Jaribu kwenye gazeti, kisha nyanya: kisu kizuri huingia kwenye ganda bila kukandamizwa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Kisu changu kinakata karatasi safi kabisa, nikishakata nyama kidogo tu kimekwisha. Ni chuma kibovu?*

Marahaba. Anza na mkunjo kabla ya kulaumu chuma. Mkunjo ukibaki umesimama wima, kisu hukata vizuri kwa muda mfupi, halafu mkunjo unalala. Rudia hatua ya 5 kwa mkono mwepesi. Na kama unakatia kwenye sinia au vigae, hamia kwenye ubao.

*Kaka, wale wa baiskeli wenye jiwe la kuzunguka, niwape visu vyangu?*

Mpe anayegusa kidogo kidogo na kuchovya kwenye maji. Makali yakigeuka bluu, chuma kimepata moto kikalegea. Sehemu hiyo haitashika makali mpaka iishe kwa kunolewa.

*Sina kinoo, nanolea kwenye ngazi ya saruji. Kuna ubaya?*

Upo, dada. Mchanga wa saruji haulingani, unachimba makali. Geuza kikombe cha udongo: ile duara ya chini isiyong'aa ni ngumu na laini, inarudisha makali yaliyochoka kidogo. Kwa kisu butu kabisa, laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo na uvute kisu mgongo ukitangulia tu, la sivyo utauchana msasa.

*Jiwe langu limebonyea katikati. Nitupe?*

Usitupe, ila usilinolee hivyo. Pembe inabadilika kila kisu kinapopita kwenye bonde. Chora mistari ya penseli juu yake, lisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo, ukimwagia maji, mpaka mistari yote ifutike, hasa ya katikati.