Fundisha mofolojia kwa njia ya Panini

Mwalimu mwenzangu, ukiingia Kidato cha Tano na mada ya mofolojia, yaani uchambuzi wa maumbo ya maneno, usianze na fasili ya mofimu, kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana. Mimi kwenye tuisheni ya jioni hapa Ngamiani, Tanga, naanza na ki- na vi-.

Andika ubaoni: ki+etu, vi+etu, ki+umba, vi+umba, ki+ekundu. Wayatamke harakaharaka mpaka midomo yenyewe itoe chetu, vyetu, chumba, vyumba, chekundu. Kisha watunge kanuni: mbele ya irabu isiyo i, ki- huwa ch-, vi- huwa vy-. Neno lisilo na kazi ndani ya kanuni lifutwe. Ndivyo alivyofanya Panini, mwanasarufi wa Gandhara (eneo la Pakistan ya leo), zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, alipoifunga sarufi ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, katika kanuni zipatazo 4,000.

Lazima mmoja atauliza, "Mwalimu, mbona kiongozi?" Usimkwepe, hapo ndipo somo linapokolea. Mwingine atajibu kwamba nomino zinazotokana na vitenzi hazibadiliki, kama kiumbe. Mwandikie neno "chanzo": limetokana na anza, na limebadilika. Ongeza "kiazi": halikutokana na kitenzi, na halikubadilika. Darasa litachemka, liache lichemke. Kwa Panini kanuni pana hubaki, kanuni mahususi huishinda, na maneno yasiyoshikika huorodheshwa pembeni. Orodha hiyo waianze daftarini siku hiyohiyo.

Kwenye mofu kapa, tunda na matunda yanatosha: kiambishi cha wingi, ma-, kinaonekana, cha umoja hakionekani. Wazo la kiambishi kisichoonekana lakini chenye nafasi yake limo kwa Panini. Leonard Bloomfield, mtaalamu wa lugha wa Marekani, alilitumia mwaka 1933 akiwataja wanasarufi wa India.

Sasa ndipo utoe historia. Ulaya ilizoea kukariri maneno mazima katika majedwali ya Kilatini. Zikaja sarufi za Kisanskriti za Colebrooke, 1805, na Wilkins, 1808, Waingereza waliosoma kwa wataalamu wa India. Mwaka 1816 Mjerumani Franz Bopp akavipasua vitenzi vya Kisanskriti, Kigiriki, Kilatini, Kiajemi na Kijerumani: mzizi huku, viambishi huku. Ferdinand de Saussure, anayeitwa baba wa isimu (sayansi ya lugha) ya kisasa, naye alikuwa mwalimu wa Kisanskriti huko Geneva. Watoto wetu wanaambiwa isimu ilizaliwa Ulaya. Wana haki ya kuyajua haya, tena mapema.

Kazi ya nyumbani: mu+tu, mu+ana, mu+izi, mu+uguzi. Wachache watakuja na kanuni moja. Wasifu, kisha waulize kuhusu muuguzi.