Kupoza seva za bleidi hapa Dodoma
Mkuu, kabla hujaongeza AC nyingine icheki kwanza chesisi yenyewe, yaani lile boksi linalobeba bleidi (seva nyembamba zinazochomekwa humo), nafasi isiyo na bleidi usiiache wazi, weka kava lake, la sivyo hewa ya baridi inapita hapo kirahisi bleidi zinabaki na joto, prosesa inajipunguza spidi na watu wanaanza kulalamika mfumo mzito. Joto pima mbele ya raki (kabati la seva) pale hewa inapoingia, sio ukutani, iwe nyuzi 18 mpaka 27. Halafu Dodoma tuko juu, mita 1,100 na ushee, hewa nyepesi kwa hiyo feni zinahangaika zaidi. Kiangazi ndo balaa, vumbi linaziba filta za AC fasta, kazioshe. Raki zitazamane mbele kwa mbele, mgongo kwa mgongo, joto la moja lisiingie kwa nyingine.