Kusafisha meno ya bandia yasiote fangasi: anza na upande usioonekana

Mgonjwa akinikabidhi meno yake ya bandia, kwanza nayageuza. Upande wa mbele huwa unang'aa. Upande wa ndani, unaolalia kaakaa, nikipitisha ukucha hutoka na utando unaoteleza. Humo ndimo wanamojificha fangasi wa Candida. Akriliki, yaani plastiki inayotengenezea meno haya, ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na utando ukishajishika, kusukutua peke yake hakuubandui.

1. Jaza maji kwenye beseni au tandika taulo chini. Meno haya huteleza, na yakidondoka kwenye sinki tupu hupasuka. Tumia maji ya uvuguvugu; yaliyochemka huipinda akriliki, nayo hayatakukaa tena.

2. Yapige mswaki kwa sabuni ya maji, ukianzia ndani. Mswaki uwe laini na wa kazi hiyo tu. Dawa ya meno iache: chembe zake zinakwangua, na kila mkwaruzo ni maficho mapya ya fangasi. Kama unatumia gundi, hakikisha imetoka yote, hasa pembeni.

3. Loweka kila siku kwenye maji yenye kidonge cha kusafishia meno ya bandia, kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kisha piga mswaki tena na suuza vizuri kabla ya kuvaa. Kidonge hicho kisiingie kinywani kamwe.

Kama fangasi wameshaota na meno hayana chuma chochote, klorini ya kufulia isiyo na manukato inafaa. Ikiwa lebo inasema asilimia 5, changanya kipimo 1 cha klorini na vipimo 9 vya maji. Loweka dakika 10, zisizidi, kisha suuza sana. Yenye vishikizo vya chuma usiyaguse na klorini, yatapata kutu. Usichanganye klorini na siki wala kidonge.

4. Safisha kinywa chenyewe. Sugua fizi, ulimi na kaakaa taratibu kwa mswaki laini au kitambaa chenye maji. Wanaotumia dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi wasukutue kila baada ya kuvuta.

5. Lala bila meno. Hapa ndipo ninapobishana na wagonjwa, maana wengi wanaona haya mbele ya wenza wao. Naelewa. Lakini usiku mate hupungua, na ufizi uliofunikwa saa 24 ndio fangasi wanaoupenda. Yahifadhi kwenye maji safi, kwa kuwa yakikauka yanaweza kupinda. Maji hayo yabadilishe kila siku, na chombo nacho kioshwe.

Ukiona kaakaa limekuwa jekundu kwa umbo lilelile la meno, au pembe za midomo zimechanika, nenda kwa daktari wa meno hata kama hakuna maumivu; mara nyingi hakuna. Ukiandikiwa nistatini, dawa ya fangasi wa kinywani, vua meno kabla ya kuitumia. Wengi hutibu kinywa wakayasahau meno yenyewe, kisha fangasi wakirudi, wagonjwa hudhani dawa imeshindwa. Mwambie pia daktari kama una kisukari, au kama meno yamelegea na yanasugua. Bitana laini (tabaka laini la upande wa ndani wa meno) iliyochakaa haisafishiki tena, hiyo hubadilishwa.