Mvuke ukikutana na maji baridi: uliza kwanza kama utaisha

Pipa la chikichi likishachemka pale Kigoma, ongeza kuni utakavyo, kipimajoto hakipandi tena. Moto wote wa ziada unageuza maji kuwa mvuke. Maswali ya mchanganyiko wa maji na mvuke yanasimama hapo. Maadamu vyote viwili vimo pamoja kwenye chombo kilicho wazi, jotoridi limeshajulikana, na cha kutafuta ni kiasi cha kila kimoja. Mvuke ukiisha wote, ndipo jotoridi linakuwa la kutafuta.

Namba za kushika ni mbili. Kilo moja ya maji hutaka jouli 4,200 kupanda digrii moja ya Selsiasi. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji hutoa jouli 2,260,000 bila jotoridi kushuka hata kidogo.

Tuseme gramu 50 za mvuke wa digrii 100 zinaingizwa kwenye gramu 500 za maji ya digrii 25. Geuza gramu ziwe kilo, lakini usiandike mlinganyo bado. Fanya kwanza hesabu mbili pembeni.

Maji yanahitaji kiasi gani kufika 100? 0.5 × 4,200 × 75 = jouli 157,500.
Mvuke wote ukigeuka maji unatoa kiasi gani? 0.05 × 2,260,000 = jouli 113,000.

Mvuke umeshindwa kuyafikisha maji 100, kwa hiyo utaisha wote. Sasa mlinganyo unaruhusiwa, joto lililotolewa upande mmoja na lililopokewa upande wa pili (T ni jotoridi la mwisho la mchanganyiko):

113,000 + 0.05 × 4,200 × (100 − T) = 0.5 × 4,200 × (T − 25)

T inakuwa digrii 80.7. Wengi husahau sehemu ya pili ya upande wa kushoto: mvuke uliokwisha kuwa maji bado una digrii 100, nao lazima upoe. Ukiiacha unapata 78.8, jibu linalofanana na la kweli kiasi kwamba halikushtui.

Sasa fanya mvuke uwe gramu 100. Unaweza kutoa jouli 226,000, na maji yanahitaji 157,500 tu. Mvuke utabaki. Aliyekimbilia mlinganyo uleule atapata digrii 127, kitu kisichowezekana kwenye chombo kilicho wazi. Jibu sahihi ni digrii 100, na mvuke uliogeuka maji ni 157,500 ÷ 2,260,000, yaani gramu 69.7. Gramu 30.3 zinabaki kuwa mvuke.

Ukipewa kalorimita ya shaba, yaani kikombe cha kupimia joto, iweke upande wa baridi pamoja na maji, hata katika hesabu za pembeni. Gramu 100 za shaba hula kama jouli 40 kwa kila digrii.

Kwenye maabara mambo yana ukaidi zaidi. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye digrii 96 hivi. Swali la karatasi likisema 100, tumia 100. Kwenye jaribio, andika kile kipimajoto kinachosoma ndani ya mvuke. Tungamo la mvuke lipate kwa kupima kalorimita kabla na baada.

Kinachoharibu majaribio mengi ni mvuke wenye matone. Ukipoa ndani ya mpira unaoupeleka kwenye kalorimita, sehemu yake inafika ikiwa maji tayari: mizani inayahesabu kama mvuke, ilhali joto lake kubwa limeshapotelea njiani. Gramu 2 kati ya 20 zikiwa hivyo, thamani ya joto la mvuke utakayopata itapungua kwa asilimia 10. Fupisha mpira, ufunge kitambaa kikavu, weka chupa ya kunasa maji karibu na kalorimita, na uache mvuke utoke nje dakika chache mpaka mdomo wa bomba uache kudondosha, ndipo uutumbukize.